Marekani: hatujafunga ndoa, nani amweke mtoto kwenye ritani (taarifa ya kodi) ya 2025?

MamaWawiliOhio
Habari wadau. Tuko Columbus, Ohio, na mtoto ana miaka 4. Mwaka 2025 baba yake alipata mshahara wa dola 58,000, mimi 24,000. Tuliishi pamoja hadi mwisho wa Agosti, kisha akapanga kwingine na mtoto akabaki kwangu. Sote watatu tuna SSN (namba ya hifadhi ya jamii). Baba anataka amweke yeye kwa kuwa kodi yake ndiyo kubwa. Pia ameambiwa tunaweza kugawana: mimi nichukue nafuu ya mtoto (punguzo la kodi kwa mwenye mtoto), yeye ajaze kama mkuu wa kaya (hadhi ya kodi ya asiye na ndoa anayebeba kaya). Ni kweli? Na fomu 8332, ya mzazi kumwachia mwenzake nafuu ya mtoto, inatuhusu?

KaraniKodi
Dada, tuanze na haki. Sharti ni mtoto aishi na mzazi zaidi ya nusu mwaka. Wewe una miezi 12, yeye 8, kwa hiyo wote mnafaa na sheria inawaachia mpatane. Mkishindwa kupatana na kila mmoja akamjaza, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) humpa aliyeishi na mtoto muda mrefu zaidi, yaani wewe. Kipato kikubwa huamua pale tu muda unapolingana.

Sasa hesabu, maana hoja ya "kodi kubwa" ndiyo inayopoteza watu hela.

Akimweka baba: anapata nafuu ya mtoto, dola 2,200. EITC (nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini) hapati, kwa sababu kwa asiye na ndoa mwenye mtoto mmoja mwisho wa kipato ni 50,434. Tukimkubalia umkuu wa kaya, makato ya kawaida (sehemu ya kipato isiyotozwa kodi) yanapanda kutoka 15,750 hadi 23,625 na kodi inashuka kama 1,047. Umkuu wenyewe una mashaka, kwani alihama na lazima athibitishe alibeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba mliyoishi na mtoto. Jumla, kwa kumhurumia: 3,247.

Ukimweka wewe, hata ukijaza kama mseja tu: kodi yako kabla ya nafuu ni 825. Ile 2,200 inaifuta yote, na 1,375 inayobaki unalipwa taslimu (ukomo wa kulipwa taslimu ni 1,700 kwa mtoto). Juu yake EITC, kama 4,220. Jumla 6,420 hivi.

Tofauti inapita dola 3,100. Jaza wewe, halafu pesa ikiingia mgawane mtakavyo. Hayo IRS hawayaingilii.

Shangazi_wa_Ritani
Hesabu iko sawa. Niongeze kwenye kugawana, ndiko watu wanakoumia. Kwa wazazi walioishi pamoja kama ninyi, nafuu zote zinamfuata mtoto kwa mzazi mmoja: ya mtoto, EITC, umkuu wa kaya, na ya gharama za kulelewa mchana. Hakuna kumega.

Fomu 8332 ndiyo pekee inayomega, na inawahusu hata wasiowahi kuoana. Ila lazima wazazi wawe wameishi mbalimbali muda wote wa miezi 6 ya mwisho wa mwaka, Julai hadi Desemba. Ninyi Julai na Agosti mlikuwa chini ya paa moja, kwa hiyo 2025 haipo.

Kwa 2026, mkikaa mbalimbali mwaka mzima, mzazi ambaye mtoto analala kwake usiku mwingi zaidi ndiye anayesaini. Mwenzake anapata nafuu ya mtoto peke yake. EITC na umkuu wa kaya vinabaki kwa aliyesaini, kama masharti yake mengine anayatimiza. Saini Sehemu ya I, ya mwaka mmoja, basi. Ya II inatoa miaka ijayo, na kuifuta kunaanza kufanya kazi mwaka unaofuata ule uliompa mwenzako taarifa. Hapo mmeshagombana tayari.

MamaWawiliOhio
Asanteni sana. Je, akinitangulia kutuma?

KaraniKodi
Kompyuta inapokea ya kwanza, haijui nani ana haki. Yako itarudishwa na msimbo wa kosa R0000-507-01. Usimfute mtoto ili ipite! Omba IP PIN (namba ya siri inayothibitisha kuwa ni wewe) kwenye akaunti yako ya IRS, uiweke, utume tena. Ukiwa na hiyo PIN inapokelewa hata kama mtoto ameshatumika. Bila hiyo, chapisha, saini, ambatisha W-2 (taarifa ya mshahara kutoka kwa mwajiri), peleka posta.

Baadaye mnaweza kupata barua CP87A kila mmoja, ya kusema mtoto amejazwa na watu wawili. Mwenye haki hafanyi kitu, asiye na haki anarekebisha kwa fomu ya marekebisho, 1040-X. Wote mkikaza, unakuja ukaguzi wa barua. Kusanya sasa hivi barua za kliniki na chekechea zenye jina lako, jina la mtoto, anwani na tarehe za 2025. Kama anayemlea mchana ni ndugu, barua yake peke yake haitoshi. Na anayedai EITC kwa uzembe anaweza kufungiwa miaka 2, kwa udanganyifu miaka 10.

Bwana_ITIN
Kwa wengine mtakaopita hapa: kuanzia ritani ya 2025, SSN ya mtoto haitoshi kupata ile 2,200. Mzazi anayejaza naye awe na SSN ya kufanyia kazi. Kama mmoja wenu ana ITIN (namba ya kodi ya asiye na SSN), hesabu za juu zinageuka: mtoto aende kwa mwenye SSN, mradi aliishi naye.

MamaWawiliOhio
Chekechea je? Baba ndiye alikuwa analipa kwa akaunti yake.

Shangazi_wa_Ritani
Basi kwa 2025 huwezi kudai nafuu ya gharama za kulelewa mchana. Kila mtu anahesabu alicholipa mwenyewe, na yeye naye hawezi kwa kuwa mtoto hayumo kwake. Usilie sana: nafuu hiyo inapunguza kodi tu, hailipwi taslimu, na kodi yako ilikuwa 825. Kuanzia sasa lipa wewe, hata kama yeye anakutumia pesa kwanza, na chukua namba ya kodi ya chekechea kwa fomu W-10. Ukomo ni dola 3,000 za gharama kwa mtoto mmoja.