Fundi kabadilisha plagi tatu, kanilipisha nne, halafu analaumu hewa ya Mbeya

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia nikirukaruka. Gari yangu iko juu ya matofali hapa Sae, injini iko nje, na jamaa aliyeifikisha hapo kanipigia simu asubuhi ya leo kunidai elfu ishirini, eti niliibakiza kwenye ufundi.

Gari ni Subaru Forester ya 2005, cc 2000, yenye turbo, yaani feni ya kushindilia hewa kwenye injini, ile yenye tundu juu ya boneti. Watoto wa mtaani wanaliita pua. Lile tundu siyo urembo jamani, linapitisha hewa ya kupoza intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu niliyempa gari yangu anaonekana anaamini ni urembo, na chini yake kuna injini kama ya Vitz.

Mwezi wa tatu niliipeleka sevisi. Maagizo yangu yalikuwa mafupi: oili, filta, na plagi zote nne, kwa sababu zilizokuwemo nilizikuta na sijui mwenye gari wa kwanza alizitembeza kiasi gani. Dashibodi ilisoma kilomita 131,000. "Bosi, niachie." Nikamwachia. Narudi saa kumi jioni nakuta gari imeoshwa inang'aa. Hapo ndipo ningestuka. Fundi akikuoshea gari bila kuombwa, ujue kuna kitu.

Nikamuuliza, umeweka plagi gani? "Braza, plagi ni plagi. Hii ni ya iridiamu, orijino, zimebaki chache dukani." Moja elfu thelathini na tano. Nne, laki na arobaini. Maboksi yako wapi? "Nimetupa." Risiti? Duka halina mashine leo. Nikalipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke.

Wiki ya pili gari ikaanza kukataa vilima. Ukiwa tambarare unaona iko sawa, ukikanyaga kupanda inakohoa, inajikusanya, halafu inaachia kwa kishindo. Nikarudi. Akafungua boneti, akasikiliza kama daktari, akatoa hukumu: petroli ya Mbeya mbovu. Nikabadilisha sheli mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Nikanunua na kile kichupa cha dawa ya kuongeza oktani, elfu ishirini na tano, nikamimina. Haikubadilika kitu. Nikarudi tena, akapata hukumu mpya ambayo mpaka leo inanikata maini: "Bosi, hizi gari za turbo hazipatani na huku milimani. Hewa nyepesi. Ungechukua ya kawaida."

Niliduwaa, maana sentensi ile ina ukweli nusu, na huo nusu ndio unaowapoteza watu wengi hapa kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Gari isiyo na turbo huku inavuta hewa pungufu, nguvu zinashuka, na kwa kuwa kilichoingia kwenye silinda ni kidogo, mbano nao unapungua. Ndiyo maana IST ya jirani yangu inaweza kunywa petroli ya oktani ya chini na isilalamike. Kwa gari ile, habari ya hewa nyepesi kushusha nguvu ingekuwa sahihi kabisa. Turbo ni habari nyingine. Hewa ikiwa nyepesi turbo inazunguka zaidi kufidia, inashindilia, na hewa ikishindiliwa inapata joto. Kwa hiyo wakati IST inapumzishwa na mlima, yangu ndiyo inakamuliwa. Mtu akikwambia huku juu turbo haihitaji petroli nzuri, mwulize kama ameshawahi kushika bomba la turbo likitoka kupanda.

Na hili la oktani lina uongo mwingi mtaani. Oktani siyo nguvu. Ni uvumilivu wa petroli, yaani inabanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijajilipukia yenyewe bila kusubiri cheche. Ikijilipukia utasikia mlio kama karanga zinatikiswa kwenye kopo ukikanyaga mlimani. Injini ina kisikilizi chake, ikisikia ule mlio kompyuta inachelewesha cheche na gari inakuwa nzito. Mtu wa Vitz akijaza petroli ya oktani kubwa hapati chochote zaidi ya risiti. Mtu wa turbo akikosa anavunja pistoni. Wajapani wenyewe wameandika ndani ya kifuniko cha tanki langu, kwa ile lugha yao, kwamba gari hii inywe petroli ya daraja la juu, ambayo kwao inaanzia oktani 96. Ya kawaida kwao inaanzia 89. Sisi huku kwenye sheli nyingi pampu ni moja, unajaza iliyopo. Bomba la mafuta la TAZAMA linakatiza mikoa hii kwenda Ndola, Zambia, tangu 1968, lakini petroli yetu inapanda mlima Kitonga mgongoni mwa lori, na bei kikomo ya EWURA, wadhibiti wa mafuta, inatukumbusha umbali huo kila mwezi.

Sasa niungame, kwa sababu najua kuna mtu ataniuliza. Mwezi wa tano nilikwenda Madibira kuangalia mpunga. Taa ya mafuta ikawaka, nikanunua lita kumi za madumu kwa mama mmoja kando ya njia. Nilisikia harufu ya mafuta ya taa, nikajifanya ni ya mikononi mwake. Wote tunakumbuka enzi za uchakachuaji, mpaka serikali ikaleta vinasaba, ile alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli oktani inaporomoka. Nilijua. Na bado nilikanyaga, Rujewa, Chimala, Igurusi, na abiria wanne na magunia mawili, kwa sababu nilitaka kuwahi. Kwenye kupanda kuelekea Inyala karanga zikaanza kulia koponi. Mlima Nyoka taa ya cheki injini ikaanza kupepesa. Siyo kuwaka, KUPEPESA. Taa ile ikipepesa maana yake silinda inamisi vibaya na petroli mbichi inakwenda kuungua kwenye ekzosi. Unasimama. Mimi nikaongeza sauti ya redio.

Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, naibeba. Lakini sikilizeni kilichokutwa ndani.

Nilimpata kijana mmoja Uyole, ana mashine ya kupimia. Ikasoma P0304, silinda ya nne inamisi. Injini za Subaru zimelala, plagi ziko ubavuni, na ya nne iko nyuma kabisa upande wa betri. Kuifikia lazima utoe betri na tanki la maji ya kuoshea kioo, halafu upindishe mkono kama unamzalisha ng'ombe. Kijana akatoa. Plagi ya kwanza mpya. Ya pili mpya. Ya tatu mpya. Ya nne... wakuu, ya nne ilikuwa KUUKUU. Nyeusi, ncha imelika, gepu (ile nafasi cheche inaporuka) imeachama, na kutu shingoni ya kuonyesha haijaguswa tangu gari iko Japani. Yule bwana alibadilisha tatu rahisi, akaona uvivu kutoa betri, akanilipisha nne, akaosha gari. Ndaga fijo (asante sana), mjomba.

Ningekuwa nimeishia hapo ningecheka. Zile tatu "orijino" nazo tukaziweka mezani. Maandishi kwenye kauri yamepinda. Kile kichwa cha juu cha kuchomekea koili, inayotengeneza umeme wa cheche, kinazunguka kwa vidole. Plagi ya kweli ya iridiamu ina kisindano katikati, chembamba mno, milimita 0.6 au hata chini ya hapo; hizi zilikuwa na kisiki kinene cha chuma cha kawaida kilichochongwa ncha. Tukapima gepu kwa fila, kile kipimo cha nafasi: milimita 1.1. Gari yangu inataka 0.7 hadi 0.8. Mtu ataona ni nywele tu, lakini ndani ya injini ya turbo hewa imeshindiliwa, na cheche inapata tabu kuruka kwenye hewa nzito. Gepu ikiwa pana inazimika pale pale unapohitaji nguvu, au koili inajiua kuisukuma. Koili mbili kati ya nne zimekufa. Zile za mtumba nimeambiwa elfu themanini moja.

Halafu namba ya joto. Hapa naomba mnaonunua plagi kwa kuangalia rangi ya boksi mtulie kidogo. Gari inataka 6 kwa namba za NGK, watengeneza plagi. Hizi zilikuwa 5. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka kwenye ncha kwenda kwenye kichwa cha injini. Denso, kampuni nyingine ya plagi, ni hivyo hivyo, 20 yao inalingana na 6, 22 na 7. Bosch wao wamegeuza. Wenye turbo wanaokwenda kasi wanapanda namba, hakuna anayeshuka. Ukiweka ya moto kwenye turbo, ncha inabaki kama kaa, na kaa halisubiri zamu, linawasha petroli pistoni ikiwa bado inapanda. Sasa changanya kaa hilo na lita zangu kumi za Madibira.

Plagi ya silinda ya pili kauri imepasuka, na juu yake kuna vitone vidogo vya kumetameta. Nikasema labda ni uchafu. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, hiyo ni pistoni yako." Tukapima kompresheni: tatu zinacheza kati ya 140 na 150, ya pili 85. Tulipofungua, kingo ya kushikilia ringi imekatika. Injini nusu kutoka Dar naambiwa milioni tatu na laki nane, bila usafiri.

Milioni tatu na laki nane. Kwa uvivu wa kutoa betri na plagi za kuokoteza.

Nilipompelekea picha akajibu kwamba plagi hazivunji pistoni, ni petroli yangu ya madumu. Sawa mjomba, tuseme ni madumu. Madumu nilinunua mwezi wa tano. Gari ilianza kukohoa mwezi wa tatu, wiki mbili baada ya mkono wako. Na hiyo ya nne, ilisukumwa na madumu kurudi uzee?

Mwenye duka fundi alikozinunulia plagi (nimelifuatilia, liko Mwanjelwa, sitalitaja) anasema mali ikishauzwa hairudi, na kwamba bila risiti hanijui. Risiti ambayo fundi ndiye aliyeniambia duka halina mashine.

NYONGEZA, saa mbili usiku:

Anayesema niuze ninunue IST: mkuu, nimekusikia, na waliokutangulia kumi na moja nimewasikia pia. Asanteni.

Aliyeuliza kama anaweza kusugua plagi za iridiamu kwa msasa na kurudisha: hapana. Ile ncha ni nyembamba, ukisugua au ukipanua gepu kwa bisibisi umeiua. Na usifungue plagi injini ikiwa moto, kichwa ni cha aluminiamu, utatoka na nyuzi.

Aliyeuliza abadilishe baada ya kilomita ngapi: kwenye makaratasi iridiamu inasemwa hadi 100,000. Kwa turbo, kwa vilima hivi, mimi nikipona hapa nitakuwa nazitoa kila 40,000 nizitazame. Na nitasimama pale pale gereji, na kigoda changu, nihesabu moja mpaka nne.

Wa Iringa aliyesema ana kichwa na pistoni za EJ20 turbo, injini kama yangu, angalia pm yako. Nauliza tu, zote mbili ni za injini moja au umeokota?

Fundi naye kaniandikia tena, safari hii anasema tuyamalize kiutu uzima, nimpe hiyo elfu ishirini yake aniletee plagi ya nne.