Kamati ya maadili imenirudishia utafiti wa wajawazito: inaangalia nini hasa?

MuuguziAhero
Habari zenu. Nafanya shahada ya uzamili ya uuguzi hapa Kisumu. Nataka kuchunguza upungufu wa damu kwa akina mama wa kliniki ya wajawazito Ahero: dodoso moja na mililita 5 za damu ya mshipa. Kamati imerudisha maombi na maoni mawili makubwa: "fafanua hatua baada ya majibu" na "ridhaa haijitoshelezi". Anayejua wanavyofanya kazi anieleze wanasoma nini na nirekebishe vipi.

Masjala_Nyanza
Dada, faili likifika hukaguliwa kwanza kama limekamilika: itifaki (mpango kamili wa utafiti), dodoso, fomu za ridhaa kwa kila lugha, bajeti, wasifu wa watafiti, cheti cha mafunzo ya maadili, barua ya chuo, risiti. Kikikosekana kimoja halisogei. Baada ya hapo linapangiwa njia. Utafiti wa rekodi za zamani zisizo na majina unaweza kupita uhakiki wa haraka, lakini kumchoma mjamzito sindano kwa kawaida kunaenda mbele ya kikao kizima. Wahakiki wawili au watatu husoma kwa kina na kuandika maoni, kisha wajumbe wote wanajadili. Humo ndani hawapo madaktari pekee, yupo pia mwanasheria na mtu wa kawaida kutoka jamii. Kama msimamizi wako ni mjumbe, anatoka nje zamu yako ikifika.

Kurudishiwa si kukataliwa. Tengeneza jedwali: oni la kamati, jibu lako, ukurasa ulipobadilisha. Weka tarehe na nambari mpya ya toleo kwenye kila hati. Kinachochelewesha wengi ni hati kupingana: itifaki inasema mililita 5, fomu ya ridhaa inasema 3, bajeti imenunua chupa za 2. Mhakiki akiona hivyo hajui mama atatolewa kiasi gani, na hawezi kuidhinisha asichokijua.

Mhakiki_Bonde
Oni la kwanza ndilo zito. Unapima himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni kwenye damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita mjamzito ana upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkali unaoweza kumuua wakati wa kujifungua. Itifaki yako inasema nini akipatikana mwenye 6? Ukiandika "atashauriwa" tu, itarudi tena. Taja majibu yatatoka lini (siku hiyohiyo, kabla hajaondoka), nani atamwambia, atapelekwa kwa nani, gari litalipwa na nani, na usajili wa matokeo kwenye kijitabu chake cha kliniki. Kujua hali ya hatari na kukaa nayo kwenye kompyuta hadi uchambuzi uishe ni kosa kubwa.

Angalia pia idadi ya washiriki. Wanafunzi wengi wanaweka 384 kwa sababu wameiona kwingine. Hiyo inatokana na kudhani hali ipo kwa asilimia 50, ukingo wa kosa (jibu kupotoka juu au chini) asilimia 5, na kwamba jamii unayochagua kutoka kwake ina watu wengi mno. Kama kliniki yako ni ndogo, hesabu upya. Kuchoma sindano wanawake wengi kuliko wanaohitajika ni dhuluma, na kuchoma sindano wachache mno ni kuwaumiza bila kupata jibu.

Walio chini ya miaka 18 usiwaache kimyakimya. Kisheria ni watoto hata wakiwa na mimba. Ama weka kigezo cha 18 na kuendelea, ama andika sehemu yao peke yake na utetee njia ya ridhaa.

MjumbeWaJamii
Kuhusu ridhaa: fomu isomeke kwa Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza, na tafsiri irudishwe Kiingereza na mtu mwingine asiyeiona fomu ya awali ya Kiingereza. Andika "kijiko kimoja cha chai cha damu" kando ya mililita 5. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mmoja wa timu yako, kisha aweke dole gumba, naye shahidi atie sahihi.

Nani anamwomba akubali? Kama ni muuguzi yuleyule anayempima tumbo, mama ataona akikataa atahudumiwa vibaya. Tuma mtu mwingine amwombe, na fomu iseme wazi kwamba kukataa hakubadilishi huduma. Kuhifadhi damu kwa utafiti wa baadaye kuwe na kisanduku chake cha ndiyo au hapana. Nambari za simu ziwe mbili, yako na ya kamati.

Mhakiki_Bonde
Naongeza hoja ya nauli. Fidia ikizidi gharama halisi inakuwa kishawishi.

MjumbeWaJamii
Sawa, ila wengi wanaandika sifuri kwa woga huo. Ukimrudisha mama kliniki siku ambayo hakupangiwa, mlipe nauli ya kwenda na kurudi. Hapo anarudishiwa chake, hanunuliwi.

Masjala_Nyanza
Barua ya idhini ikitoka bado usianze. Chukua leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha ruhusa ya kaunti na ya hospitali yenyewe. Idhini hudumu mwaka mmoja, na ombi la kuiongeza linatakiwa angalau siku 60 kabla haijaisha. Ikiisha, usisajili mtu hata mmoja. Tukio baya, hata kama unaona halihusiani na utafiti, liripoti ndani ya saa 72.

MuuguziAhero
Asanteni sana. Nikiona washiriki ni wachache, naweza kuongeza kituo cha Katito?

Masjala_Nyanza
Unaweza, kwa ombi la marekebisho: barua ya sababu, itifaki mpya iliyowekewa alama mahali ulipobadilisha, na ruhusa ya kituo hicho. Subiri barua ya kamati kabla ya kwenda, kwa sababu data iliyokusanywa Katito kabla ya hapo haitahesabiwa kuwa na kibali.