Naomba ushauri: nimelipa advansi ya simu, sasa napandishiwa bei

Ndugu zangu, habari za leo. Oktoba hii ya 2022 nilimpa muuza simu mmoja Kariakoo advansi ya milioni 1 aniletee iPhone 14 Pro Max kutoka Dubai. Akasema wiki mbili. Leo ni Desemba.

Kuhusu kuchelewa simlaumu. Kiwanda kinachounganisha hizi iPhone, cha Zhengzhou, China, kilibanwa na masharti ya korona, na tarehe 6 Novemba Apple wenyewe walitangaza kwamba wateja watasubiri zaidi.

Kinachoniuma ni cha jana. Kaniita dukani, ipo moja, ila niongeze laki 6 juu ya bei tuliyopatana, eti wanaoitaka ni wengi. Nikaishika, nikapitisha kidole ubavu mzima: hakuna kitundu cha laini. Kumbe ni ya soko la Marekani, inatumia eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe, haina kadi ya kuchomeka.

Mimi napiga picha za harusi na msimu ndio huu. Simu yangu ya sasa kioo kimepasuka hadi kwenye kamera. Risiti niliyonayo ni ya mkono, haina tarehe ya kukabidhiwa mzigo.

Je, kisheria anaruhusiwa kupandisha bei baada ya kupokea advansi? Nidai hela yangu au nivumilie hadi Januari? Na mliowahi kutumia ya eSIM hapa Bongo, laini mlihamishaje? IMEI (namba ya utambulisho wa simu) nitaihakiki mwenyewe kwa kuituma kwa SMS kwenda 15090, hilo lisiwape shida. Anataka jibu kesho jioni.