Sera ya vijana ya kaunti ipo, pesa hakuna: tuanzie wapi?

Mratibu_Wadi: Wadau, hamjambo. Kaunti yetu hapa Kenya ina sera ya vijana iliyopitishwa na bunge la kaunti, ila bajeti ya mwaka huu haikuitengea hata shilingi. Idara ya kaunti inasema hilo ni jukumu la serikali ya kitaifa, na afisa wa kitaifa anaturudisha kaunti. Kuna pia kituo cha vijana kilichojengwa na serikali ya kitaifa, kimefungwa kwa kukosa mtu wa kulipia umeme. Nani hasa anawajibika?

Meza_ya_Bajeti: Sera haitoi pesa. Pesa za kaunti hupitia mpango wa miaka mitano, yaani CIDP, kisha mpango wa mwaka, ndipo bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa mwaka ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha wenyewe kuanza. Vijana wengi hujitokeza Aprili, wakati makadirio ya bajeti yanasomwa. Wamechelewa, kwa sababu kiwango cha kila idara kilishawekwa kwenye waraka wa mkakati wa fedha, ambao mwisho wake ni tarehe 28 Februari. Hapo kwa kawaida mnaweza kuhamishiwa pesa ndani ya idara ileile tu.

Fungueni CIDP ya 2023–2027 mtafute jedwali la idara ya vijana. Shughuli yenu ikiwamo, pelekeni memoranda, yaani maombi ya maandishi, ya kurasa mbili mwezi wa Julai, yenye jina la programu kama lilivyoandikwa humo, wadi, idadi na gharama. "Kuwawezesha vijana" haina bei. "Mashine 6 za kuchomelea, chuo cha ufundi cha wadi" ina bei. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, maana kamati ya bajeti huuliza ushahidi.

Ibara_kwa_Ibara: Hao maafisa kila mmoja amesema nusu ya ukweli. Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, halina kipengele cha "vijana", na Ibara ya 186(3) inasema jukumu ambalo halikupewa kaunti ni la serikali ya kitaifa. Lakini vyuo vya ufundi vya vijijini, viwanja vya michezo, masoko na kilimo vimeandikwa waziwazi chini ya kaunti. Kwa hiyo msiombe "pesa za sera". Ikateni vipande, kila kipande kiende kwa idara yenye jukumu hilo.

Kituo ni suala la Ibara ya 187: serikali moja ikiihamishia nyingine jukumu, lazima rasilimali za kulitekeleza zifuate. Makubaliano yaandikwe, yataje mwenye ardhi, orodha ya mali hadi viti na kompyuta, anayemlipa mlinzi na mita ya umeme iko kwa jina la nani. Wengi hukabidhiana funguo tu. Baadaye mkaguzi wa hesabu anauliza kaunti inagharamiaje jengo lisilo lake, na malipo yanasimama.

Mratibu_Wadi: Asanteni sana. Na tukiikosa Septemba?

Meza_ya_Bajeti: Inabaki bajeti ya nyongeza. Msiitegemee sana, kwani nyongeza haiwezi kupita asilimia 10 ya bajeti iliyoidhinishwa, isipokuwa bunge la kaunti liidhinishe zaidi, na dharura hutangulia. Itumieni kwa kitu kidogo kilicho tayari, mfano ule umeme, mkishakuwa na makubaliano yaliyotiwa sahihi.