Mjadala: Plastiki iliyogeuzwa mafuta ihesabiwe kuwa imerejelezwa?

Wadau, juzi tumebishana mpaka usiku na jamaa zangu hapa Ujerumani. Mmoja wetu anasema habari ya kubeba machupa matupu kuyarudisha dukani imepitwa na wakati. Taka zote za plastiki zitiwe mfuko mmoja, mtambo uzigeuze mafuta, mafuta yatengeneze plastiki mpya, na Umoja wa Ulaya uhesabu hiyo kuwa urejelezaji kamili. Mimi nimekataa, na bado nakataa.

Mtambo wenyewe unafanya hivi: plastiki inafungiwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, inapashwa moto nyuzi mia kadhaa, inavunjika na kuwa mafuta, gesi na makaa. Aghalabu sehemu ya hayo huchomwa papo hapo ili tanuri lisipoe. Mafuta yanayobaki huchanganywa na nafta, malighafi ya plastiki inayotokana na mafuta ghafi, na yakishachanganyika hakuna awezaye kuonyesha tone lipi limetoka kwenye kopo la mtindi na lipi kwenye kisima cha mafuta. Kinachofuata ni hesabu za kwenye karatasi: kampuni iliingiza tani kadhaa za taka, basi inachagua bidhaa ipi iandikwe kuwa imerejelezwa.

Karatasi hiyo ni pesa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chupa za vinywaji za PET, ile plastiki angavu ya chupa za maji na soda, ziwe na asilimia 25 ya plastiki iliyorejelezwa kuanzia 2025, na chupa zote za plastiki za vinywaji zifike asilimia 30 ifikapo 2030. Kilichoteketea kwenye tanuri kikiingizwa humo, tutakuwa tumeupa moto jina jingine.

Sasa tazameni chupa ya maji. Tangu 2003 chupa ya kutumika mara moja ina dhamana hapa, yaani pesa unayolipa ukiinunua na kurudishiwa ukiirudisha, na leo ni senti 25 za yuro. Unaisukuma kwenye tundu la mashine, inazungushwa mpaka alama yake isomeke, unasikia inapondwa nyuma ya ukuta, unachukua risiti yako na kwenda nayo kaunta. Sisi tuliokuwa tukitumwa dukani na chupa tupu ya soda, na usipokuwa nayo unaacha pesa ya chupa, tunalijua jambo hili toka utotoni. Ukipita stesheni jioni utakuta chupa zimesimamishwa kando ya pipa: mtu ameziacha pale makusudi ili anayeziokota asilazimike kutia mkono kwenye uchafu. Chupa hizo hufika kiwandani zikiwa za aina moja na karibu safi. Zinakatwakatwa, zinaoshwa, zinayeyushwa, zinakuwa chupa tena.

Mfuko wa njano, wa kutilia vifungashio visivyo na dhamana, ndio wenye shida. Mashine nyingi za kuchambua hutambua plastiki kwa mwanga wa infraredi, na trei nyeusi ya nyama, iliyotiwa rangi ya masizi, hufyonza mwanga huo. Mashine haioni kitu. Trei inapita na mkanda na kuishia kuchomwa, kisa rangi! Hapo dawa ni kumbana anayetengeneza trei.

Nakubali, pakiti ya chipsi yenye matabaka yaliyogandishwa pamoja haioshwi ikawa pakiti tena. Hiyo ipelekwe tanurini, sina ubishi, ila iandikwe kwenye safu yake peke yake. Viwanda vya kuosha na kuyeyusha plastiki tayari vinaumia, kadhaa vimefungwa Uholanzi kwa sababu plastiki mpya ni ya bei rahisi kuliko yao. Tukiwaongezea mshindani wa makaratasi tutawamaliza.

Mlioko Austria, ambako dhamana ilianza Januari 2025, na Uholanzi, ambako makopo ya vinywaji yaliingizwa kwenye dhamana 2023: mtaani mmeona tofauti gani? Na kama yupo anayefanya kazi kwenye mtambo wa mafuta, atuambie kwa kila gunia linaloingia, kiasi gani hasa kinatoka kikiwa plastiki.