Kushika simu ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu nayo ni kosa?

dereva_mpya:
Wakuu habari zenu, naomba msaada maana nimechanganyikiwa. Jana nimesimama kwenye taa nyekundu, gari haisogei, handbreki nimevuta, simu ikaita nikaichukua nione tu ni nani, hata sijapokea. Trafiki akagonga kioo eti natumia simu huku naendesha. Nikamwambia afande gari si imesimama, akasema haijalishi. Sasa kuendesha si mpaka gari itembee jamani? Na ramani ya kwenye simu je?

msoma_sheria:
Pole mkuu, ila hapo amekupata. Kila nchi ina sheria yake lakini kwingi ukiwa kwenye taa au foleni bado unahesabika unaendesha. Cheki Uingereza, walikataza simu ya mkononi tangu Desemba 2003, ila ile sheria ilikuwa inagusa mawasiliano tu, kuna dereva alikamatwa anarekodi ajali kwa simu na mwaka 2019 mahakama ikampa haki kwa sababu kurekodi sio kuwasiliana na mtu!! Wakaja kuziba hilo tundu Machi 2022, sasa hivi ukiishika ukaitumia tu basi, iwe picha, kubadilisha mziki, chochote, faini pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Kinachoruhusiwa bado ni kama kupiga simu ya dharura kama huwezi kusimama salama, na kulipia kitu kwa simu gari ikiwa imesimama. Ujerumani nako, ukisimama na unataka kushika simu lazima injini uizime mwenyewe, ile inayojizima yenyewe kwenye taa haihesabiki.
Ramani weka kwenye kishikio na uandike unakoenda kabla hujaondoka.

wa_malori:
Mdogo wangu nisikilize mimi niko barabarani miaka mingi. Hiyo ya kwenye taa wengi wanaiona ndogo na mimi niliiona hivyo hivyo. Siku moja nimesimama nasoma meseji, kwa pembeni ya jicho nikaona gari ya jirani imeondoka, nikajua kijani, nikakanyaga mafuta bila kuangalia mbele, kumbe kuna mama alikuwa hajamaliza kuvuka. Nilifunga breki akiwa karibu kabisa na bampa. Huko kwenye mwendo ndo usiseme, ukiwa 80 kila sekunde unakula mita 22, meseji ya sekunde 4 tu ushapita karibu mita 90 hujaona kitu

dada_usukani:
Na nyie wa loudspika na blututhi msijione mko salama, sheria nyingi zinaangalia mkono lakini akili nayo inakuwa kwenye maongezi. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali karibu mara 4, na wanasema kabisa ya kutoshika mkononi haina usalama mkubwa zaidi ya ya kushika. Mi yangu naizima sauti naiweka nyuma, anayenitafuta atasubiri.

dereva_mpya:
Asanteni sana, faini nalipa bila ubishi na kishikio natafuta leo. Mkuu wa malori, yule mama alivuka salama?

wa_malori:
Alivuka. Alisimama ng'ambo akaniangalia tu, hakusema neno.