Naomba ushauri: ami anastaafu jeshi, tumpokee vipi?

Salam aleikum jamaa. Ami yangu mdogo ni meja KDF, jeshi la Kenya, aliingia Somalia ile 2011 wanajeshi wetu walipovuka mpaka, akawa aenda arudi, sasa yuaja nyumbani Majengo, Mombasa, na ndio anastaafu kabisa, alhamdulillahi. Familia twataka kumfanyia kitu cha heshima. Vijana wanataka tarumbeta na fataki kutoka Buxton mpaka mlangoni, mimi nasema fataki hapana, manake mwaka jana harusini zilipolia alishika ukuta jasho lamtoka, watoto wamuangalia tu. Tena kuna wenzake waliouawa El Adde, ile kambi ya Somalia iliyovamiwa Januari 2016, hao hataki wasahauliwe hata kidogo.

Shangazi asema tusome dua, kisha biriani, halwa na kahawa tungu, basi. Nalipenda hilo lakini nahofia ataona kama tumemficha, na mtu katumikia nchi umri wake wote.

Nyinyi mlio na wazee waliotoka jeshini, walifurahia nini hasa? Zawadi gani yafaa? Na yale majina ya wenzake, tuyasome kwenye dua ama tumuulize yeye kwanza?